Vipande Vitatu vya Gazeti: Kumtafuta Mama wa Bibi Yetu

Wanaume wa pwani yetu waliacha alama nyingi. Ukitaka kumfuata babu aliyefanya biashara ya pembe au nazi Bagamoyo zama za Mjerumani, utamkuta katika hati za mashamba, katika madaftari ya forodha, katika mawe ya makaburi yenye nasaba ya baba saba, na katika vinywa vya wazee ambao hawachoki kuitaja nasaba hiyo mbele ya wageni. Mwanamke wa nyumba hiyohiyo huna pa kumshika. Ametajwa kuwa mke wa fulani au mama wa fulani, na mara nyingi hata hivyo hakutajwa. Akibahatika, ameingia gazetini mara moja au mbili katika maisha yake yote, katika tangazo la mistari michache lililowekwa kati ya bei ya mbata na safari za meli.

Mama wa bibi yetu aliingia gazetini mara tatu. Tumeyajua hayo kwa sababu binti yake, yaani bibi yetu mzaa baba, alivikata vipande hivyo kwa mkasi, au alikatiwa, akavihifadhi ndani ya msahafu wake hadi alipofariki. Sisi vitukuu tuligawana vyombo vya bibi kama ilivyo ada, na msahafu ukabaki kwa dada yetu mkubwa, aliyekuwa akiufungua kila Ramadhani bila kuvigusa vile vikaratasi vya manjano. Alidhani ni alama za kuonyesha juzuu.

Jina la Bibi Mkuu hatutaliandika hapa, kwa kuwa kizazi chake ni kikubwa na si wote walioulizwa ridhaa. Itoshe kusema kwamba lilikuwa jina zuri la Kiswahili, la aina waliyopewa wasichana waliofika pwani wakiwa na majina mengine. Sisi hatukulijua hilo. Nyumbani tulikuzwa na kauli moja, kwamba Bibi Mkuu alikuwa mke wa nikaha wa babu, mtu wa asili ya Kiarabu, na kwamba kwao ni ng'ambo, pasipo kuelezwa ni ng'ambo ipi. Mtu akiuliza zaidi aliambiwa akalete maji.

Lililotufanya tuvichukue vile vipande na kuvisoma ni posa. Mwaka juzi kijana mmoja wa Mlingotini, mwalimu wa sekondari, mswalihina, alimtuma mshenga kumposa binti wa ndugu yetu. Binti aliridhia, na wazazi wake walikuwa karibu kuridhia. Ami yetu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo na ambaye umri wake umepita miaka 80, akasema hapana. Dini ya kijana haikuwa na kasoro, wala kazi yake. Sababu aliyoitoa ni kwamba babu wa kijana yule alijulikana katika vijiji vya pale kuwa ni Mmanyema aliyeletwa na msafara, na kwamba kufu ni jambo linalozingatiwa katika madhehebu yetu ya Shafi. Mshenga akarudishwa kwa maneno matamu. Binti akajifungia chumbani siku mbili, kisha akatoka na kuanza kazi zake kama kawaida. Hilo ndilo lililotutia hofu zaidi.

Kipande cha kwanza hakuna aliyeweza kukisoma. Kilichapwa kwa zile herufi nyeusi zenye pembe ambazo Wajerumani walizitumia katika vitabu na magazeti yao, na lugha yenyewe ni Kijerumani. Hakina jina la gazeti wala tarehe, mkasi ulipita ndani mno. Lakini karatasi ina pande mbili, na tunamshauri yeyote mwenye vipande vya namna hii nyumbani kwake auanze uchunguzi kwa upande wa nyuma. Nyuma ya kipande chetu kuna sehemu ya tangazo la duka, na bei zimetajwa kwa rupia na heller. Rupia ya Mjerumani hapo mwanzo iligawanywa kwa pesa 64, na heller 100 kwa rupia moja zilikuja 1904. Basi karatasi ile haikuchapwa kabla ya mwaka huo, wala haikuchapwa baada ya 1916, Waingereza walipokuwa wameitwaa pwani yote. Magazeti ya wakati huo hayakuwa mengi. Dar es Salaam kulikuwa na Deutsch-Ostafrikanische Zeitung lililoanza 1899, gazeti la walowezi na wafanyabiashara, na Tanga kulikuwa na Kiongozi, gazeti la Kiswahili la shule ya serikali, ambalo waandishi wake wa miji mbalimbali walituma habari za kwao. Bagamoyo, pamoja na ukubwa wake wote wa zamani, ilikuwa ikisomewa habari zilizochapwa kwingine. Makao ya serikali ya Kijerumani yalikwisha kuhamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891, na majahazi yalikuwa yakiifuata bandari mpya.

Kijana wa ukoo aliyesoma Ujerumani alitufasiria. Ni tangazo la mirathi. Babu amefariki, na yeyote anayemdai au kudaiwa naye atakiwa kufika barazani Bagamoyo. Kisha wametajwa warithi: wana wawili wa kiume, wake wawili na binti mmoja mdogo. Binti yule ni bibi yetu. Wake wale wawili majina yao tunayajua, na mmoja kaburi lake tunalizuru. Mama wa yule binti hayumo.

Msomaji wa ukurasa huu hahitaji kufundishwa sana hapa. Mke aliyeachwa na marehemu mwenye watoto ana thumni yake, na wakiwa wawili hushirikiana thumni hiyohiyo. Hafutiki. Mwanamke aliyezaa na marehemu, ambaye yu hai (na tunajua aliishi miaka mingi baadaye), akikosekana katika orodha ya warithi ilhali mwanawe yumo, jambo hilo lina maelezo machache tu. Ama alikwisha kuachwa na eda yake ikaisha, ama hakuwa mke bali suria. Mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake ni huru na ni mrithi kama ndugu zake. Mama yake, ummu walad kwa istilahi ya mafakihi, hauzwi tena wala hatolewi zawadi, na bwana wake akifa huwa huru siku hiyohiyo. Lakini harithi.

Ami tulipompelekea habari hii hakukasirika. Alitusikiliza, akasema kwa utulivu kwamba Bibi Mkuu aliachwa. Talaka zilikuwa nyingi Bagamoyo wakati ule kama zilivyo leo, akasema, na hakuna fedheha ndani yake. Tulinyamaza, kwa kuwa kwa mujibu wa fikihi alikuwa amesema jambo linalowezekana.

Hapa inafaa tueleze hali ya wakati ule, maana vijana wetu wengi wanadhani utumwa wa pwani ulikomeshwa kwa siku moja na Mzungu mmoja mwenye ndevu. Hatutasimulia tena maana ya jina la Bagamoyo na kuibwaga mioyo, ambayo kila mtalii huambiwa kabla hajashuka garini. Jambo lisilosimuliwa ni kwamba Wajerumani hawakuufuta utumwa katika sheria zao. Walipiga vita biashara ya kuwasafirisha watumwa, lakini umiliki waliuacha, wakiuwekea mipaka. Agizo la mwishoni mwa 1904 lilisema watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Kwa wengine ilitolewa hati ya uhuru katika boma la wilaya, na maelfu walizipata, ama kwa kujikomboa kwa fedha zao, ama kwa kukombolewa na wengine, ama kwa bwana kuacha huru kwa ajili ya thawabu. Wengine hawakungoja hati, waliondoka tu. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika Tanganyika mwaka 1922, chini ya Mwingereza. Waliozaliwa mwaka ule wangali wamo miongoni mwetu, wachache.

Na utumwa wenyewe ulikuwa na ngazi. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin na ambaye maelezo yake ya desturi za Waswahili yalichapwa na Carl Velten mwaka 1903, ameeleza tofauti ya mjinga, yaani aliyeletwa karibuni kutoka bara na hajajua lugha wala mila, na mzalia, aliyezaliwa pwani nyumbani kwa bwana. Katika nyumba zetu kubwa za mawe, zenye milango ya nakshi ambayo sasa tunaipiga picha, wote hao waliishi pamoja na waungwana, wakala chungu kimoja na kulala vyumba tofauti. Leo kila ukoo wa Bagamoyo unasema wao walitoka katika chumba cha mbele. Kwa hesabu hiyo, vyumba vya nyuma havikuwa na watu!

Kipande cha pili ndicho tunachokipenda. Kiko kwa Kiswahili, kimechapwa kwa herufi za kawaida, na nyuma yake kuna bei ya baiskeli kwa shilingi. Shilingi ilishika baada ya rupia kuondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na tahajia ya maneno bado ni ile ya kila mtu na yake, kabla ya usanifishaji wa 1930. Kwa hiyo tumeuweka ndani ya miaka hiyo minane au tisa.

Ndani yake Bibi Mkuu anasema mwenyewe. Anautangazia umma kwamba nyumba yake iliyoko Bagamoyo, yenye mipaka anayoitaja kwa majina ya majirani, ni mali yake aliyopewa kwa wasia. Anasema amesikia kwamba kuna watu wa upande wa marehemu wanaitembeza nyumba hiyo kwa wanunuzi. Anaonya mtu yeyote asiinunue, wala asiipokee rehani, na atakayetoa fedha zake atakuwa amezipoteza, kwa kuwa yeye haiuzi na hakumpa mtu idhini. Hakuna salamu, hakuna kuomba radhi. Tumekisoma kipande hiki mara nyingi kwa sauti, na kila mara shangazi zetu hucheka mahali palepale, pale anapowataja hao wauzaji bila kuwataja.

Fikiria ilivyomgharimu. Tangazo hulipiwa. Ilibidi atafute karani wa kumwandikia, aipeleke barua Dar es Salaam, kwa miguu au kwa jahazi, kupitia Mbweni na Kunduchi, kisha angoje toleo lirudi Bagamoyo na lisomwe kwa sauti barazani, maana gazeti moja lilisomewa watu wengi. Alijua vema kwamba wale waliokusudiwa wangekuwepo wakisikiliza. Hakuwa na mume wala kaka, na ndugu wa kumsimamia hawakuwepo. Alikuwa na mistari tisa ya gazeti.

Ami alikisoma kipande hiki mwenyewe, kwa miwani mbili. Kwenye neno wasia alisimama. Ami amesomesha mirathi msikitini kwa zaidi ya miaka 40, na hapana aliyemzidi katika mambo haya pale kwetu. Akatueleza lile tulilolijua nusu tu: kwamba mrithi hausiwi, isipokuwa warithi wengine wakiridhia, na kwamba wasia haupiti thuluthi ya mali. Kwa hiyo babu aliyetaka kumwachia nyumba mwanamke huyu aliweza kufanya hivyo kwa sababu hakuwa mrithi wake. Babu alilijua hilo, akapanga. Tulidhani ami atakubali, lakini akaongeza, na kwa haki, kwamba hata mtalaka si mrithi na anaweza kuusiwa. Wasia peke yake hauamui.

Kisha akaendelea kusoma mpaka chini, palipo na jina la mwenye tangazo. Bibi Mkuu amejitaja kwa jina lake, binti Abdallah, hadimu wa marehemu fulani.

Neno hili hadimu siku hizi halitumiki sana, na baadhi ya vijana wetu walilipita bila kulitambua, wakidhani ni mtumishi. Katika Kiswahili cha wakati ule, hasa katika mambo ya hati, hadimu wa fulani ni yule aliyekuwa mtumwa wa fulani kisha akaachwa huru. Hilo binti Abdallah nalo lina habari yake. Asiyejulikana baba yake, au aliyesilimu hali ametoka mbali, aliitwa mwana wa Abdallah, kwani kila mtu baba yake ni mja wa Mwenyezi Mungu. Si kila binti Abdallah wa pwani yetu yuko hivyo, wengi baba zao waliitwa Abdallah kwelikweli. Lakini majina haya mawili yakikutana katika mstari mmoja, hakuna tena nafasi ya talaka.

La ajabu ni kwamba alilitaja kwa hiari. Hakuna aliyemlazimisha. Utumwa ulikuwa umefutwa au ndio unafutwa, na watu wengi wa hali yake walikuwa wakibadilisha majina, wakihamia mitaa mingine, wakijipatia makabila mapya. Yeye aliiona hali yake kuwa ndiyo ushahidi wa haki yake. Kama angejiita mke, angeipoteza nyumba, kwa kuwa wasia kwa mke ungepingwa. Alisema ukweli wake gazetini na ukweli ukamlindia paa.

Tulikwenda kulitafuta gazeti zima. Tulishinda siku kadhaa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa pale Upanga, na katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye sehemu ya vitabu vya Afrika Mashariki, tukifunua Mambo Leo, gazeti la idara ya elimu lililoanza 1923, na mengineyo. Karatasi yetu hatukuikuta. Tulikuta wanaume wakipongezana, wakibishana kuhusu ushairi, wakitangaza kupotea kwa punda. Wanawake walipita kwa mbali, kwa jina la mume. Baada ya siku nne za kazi ile, yale maneno yake ya ukali tuliyaona makubwa kuliko tulivyoyaona nyumbani.

Kipande cha tatu ni tanzia, na nyuma yake kuna habari ya mkutano wa TANU, kwa hiyo ni baada ya Julai 1954. Wanafunzi wake wamewatangazia watu kifo cha mwalimu wao, aliyewasomesha wasichana Kurani barazani kwake kwa miaka mingi, na wamesema kwamba janaza ilitoka nyumbani kwake, na mipaka ya nyumba wameitaja: ni majirani walewale, au watoto wao. Ile nyumba haikuuzwa. Sisi tulikwenda kuangalia palipokuwa pake. Kuta za mawe zimeanguka, mwarobaini umeota kati ya msingi, na bibi mmoja jirani, aliyesoma pale utotoni, alituonyesha mahali ilipokuwa baraza na mahali ilipowekwa bakora. Bakora aliikumbuka vizuri zaidi.

Kwamba mtu aliyeletwa akiwa mtumwa amekuwa mwalimu wa dini si jambo geni Bagamoyo. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Ramiya, aliletwa mtoto kutoka Kongo ya mashariki, akanunuliwa na nyumba ya Kiarabu ya mji huu, akasoma, akawa kiongozi wa tarika ya Kadiria ambaye masheikh waliozaliwa waungwana walikuja kumbusu mkono. Alifariki 1931. Ami mwenyewe amehudhuria maulidi yake tangu utoto. Ami pia ndiye aliyetusomesha habari za Bi Hajar, na za Zaid bin Haritha, mtumwa aliyeachwa huru, ambaye Mtume (s.a.w.) alimwoza Zainab binti Jahsh, ambaye mama yake alikuwa wa Kikureshi. Hatukumkumbusha hayo. Si adabu kumkumbusha mtu mzima darasa lake.

Alikaa na kipande kile cha pili wiki mbili. Tulisikia kwamba alikuwa akikitoa usiku na kukirudisha. Mmoja wa shangazi zetu alisema tumemvunja mzee, kwamba mambo ya watu waliokwisha kufa yangeachwa katika msahafu yalimokuwa, na kwamba majirani wakijua watasema. Maneno yake yana uzito, hatuyadharau. Yeye ndiye anayeishi Bagamoyo, sisi wengi tuko Dar es Salaam na maneno ya majirani hayatufikii. Tulijadiliana naye sana, na hata leo hajaridhika na makala haya.

Kila Shaabani ukoo wetu husoma hitima ya marehemu wote, na kuna daftari la majina ambalo ami hulishika. Linaanza na babu, kisha wake zake wawili, kisha watoto. Bibi Mkuu alikuwa akisomewa katika lile fungu la mwisho la waliosahauliwa majina. Mwaka jana, kabla ya kisomo kuanza, ami alilifungua daftari, akachukua kalamu, na chini ya wale wake wawili akaliandika jina lake kwa hati ya Kiarabu, binti Abdallah, bila neno jingine. Akasoma orodha yote kwa sauti ileile ya kila mwaka. Baada ya dua, watu wakila, alimwita baba wa binti pembeni akamuuliza kama ile namba ya simu ya mshenga bado anayo.

Mshenga alirudi baada ya Idi, safari hii na wazee watatu wa Mlingotini. Mahari haijakubaliwa. Wao wametaja kiasi, shangazi wameona ni kidogo, na ami amesema suala hilo aulizwe binti mwenyewe, ambaye ameomba, juu ya mahari yoyote watakayoafikiana, asomeshwe ule msahafu wa bibi hadi ahitimu, na vile vipande vitatu vibaki ndani yake.